Mwongozo kamili: kutunga thrila ya mwizi wa kike wa London ya zamani, hatua kwa hatua

Kuna zile hadithi za Kiingereza za kati ya vita mbili vya dunia, mwizi ni mwanamke, tena ana akili kuwazidi polisi wote wa jiji, anachukua vito vya matajiri na pale pale anaacha alama yake kama mtu anayeacha risiti. Edgar Wallace anaye wa hivyo, Four Square Jane, yeye anaacha kikaratasi chenye miraba minne na herufi J. Watu wengi wakisoma moja tu wanataka kuandika ya kwao, na hapo ndo shida inaanza, maana wanajaza ukungu, makoti marefu, magari meusi na bastola ndani ya mkoba, halafu ikifika sehemu ya wizi wenyewe wanaandika "akaingia kimya kimya, akauchukua mkufu, akatoweka".

Akatowekaje sasa? Hiyo sentensi moja uliyoiruka ndo hadithi nzima.

Kwa hiyo mwongozo huu nauandika kinyume na ulivyozoea: tunaanza kufikiria mali inatokaje, halafu ndo tunarudi nyuma. Kuingia kwenye nyumba ya tajiri wa London wa enzi hizo haikuwa kazi, kulikuwa na watu kibao wanaingia na kutoka kila siku, wa maziwa, wa makaa, wa nyama, wa kufua, fundi wa saa. Kazi ni kutoka na kitu ambacho kila mtu anakitafuta. Ila kwanza maandalizi.

Hatua ya kwanza: chagua mwaka, usiseme tu "zamani"

Mwaka mmoja kamili. Sio "miaka ya 20". Mwaka ukiujua unakupa vitu vya bure ambavyo usingeweza kuvitunga mwenyewe.

Mfano simu. Ukiweka hadithi 1924, mtu wa London akitaka kupiga simu ananyanyua mkono wa simu na opereta anaitikia, dada amekaa mbele ya ubao anaunganisha kwa mkono, maana yake kuna mtu wa tatu anajua nani kampigia nani na saa ngapi, na anaweza kusikia. Ukiweka 1930 sehemu nyingine za London tayari watu wanazungusha namba wenyewe, ilianza Holborn 1927. Hadithi mbili tofauti kabisa hizo, moja ina shahidi na nyingine haina.

Mfano sheria. Mpaka 1925 sheria ya Uingereza ilikuwa inachukulia kwamba mke akiiba mbele ya mumewe basi kalazimishwa na mume, mpaka upande wa mashtaka uonyeshe vinginevyo. Hebu fikiria mwizi wako ana mume bwege, anamchukua kila kazi anamkalisha pembeni kama mwavuli, mume mwenyewe hajui kwa nini anapendwa hivyo. Ukiandika 1926 huo mchezo umekufa.

Na hii naipenda zaidi: kwa sheria ya wizi ya 1916, kuvunja na kuingia nyumba ya kuishi watu kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Ukivunja nyumba ile ile mchana, mwisho miaka 14. Mwanamke anayejua sheria atafanya kazi yake saa tatu kasoro dakika kumi, wageni wakiwa mezani wanakula, na atakuwa anaangalia saa. Huo ni ukurasa mzima wa presha umeupata kwenye kitabu cha sheria, hujatumia bastola hata moja.

Pesa nazo uzijue. Pauni moja ni shilingi 20, shilingi moja ni peni 12, na kuna gini ambayo ni shilingi 21, hiyo ilitumika kwenye bei za kistaarabu, daktari, wakili, picha za kuchora, farasi. Wasomaji wetu hawatapata tabu sana hapo, shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 20 ilipangwa hivyo hivyo, 20 kwa pauni moja, bibi na babu zetu walihesabu kwa hesabu hiyo. Noti ya pauni moja na ya shilingi 10 zilikuwepo tangu 1914 na zilikuwa pesa za kawaida mkononi. Lakini noti ya pauni 5 na kuendelea ilikuwa karatasi kubwa nyeupe, imechapwa upande mmoja tu kwa wino mweusi, na benki ziliandika namba zake. Mwizi wako akiondoka na bunda la noti nyeupe ameondoka na bunda la ushahidi. Usimpe furaha hiyo rahisi, au mpe halafu umchome nayo sura ya sita.

Mimi kwa mfano wa mwongozo huu nachukua 1924.

Hatua ya pili: mpe sababu, na umpe mpaka

Mwanamke mwerevu anaibaje wakati angeweza kufanya kazi? Jibu la 1924 lipo wazi. Vita ilipoisha, wanawake waliokuwa wanaendesha mabasi, kutengeneza mabomu, kukaa maofisini, wengi waliambiwa warudi nyumbani wanaume wamerudi. Sensa ya 1921 ilionyesha wanawake wamezidi wanaume kwa zaidi ya milioni moja na nusu, na magazeti yakawazungumzia kama mzigo. Kura alipewa aliyefika miaka 30, tena kwa masharti, usawa na wanaume ulikuja 1928. Sasa una msichana wa miaka 26, anajua Kifaransa, anajua hesabu, vitani alikuwa nesi au karani wa siri za jeshi, leo anaambiwa awe msaidizi wa kumsomea magazeti bibi kizee tajiri kwa mshahara wa kununulia soksi. Hapo sababu unayo, usiongeze baba aliyeuawa na kaka aliyefungwa, inatosha.

Mpaka ni muhimu kuliko sababu. Anamwibia nani na hamwibii nani? Kwenye hadithi za aina hii mwathirika huwa ni tajiri wa vita, yule aliyeliuzia jeshi buti mbovu, au mlezi aliyekula urithi wa yatima. Msomaji anataka aibiwe. Ila chunga usimfanye dada awe malaika anayegawa kila senti kwa hospitali ya watoto, abaki na tamaa kidogo, apende viatu vizuri, akasirike akidharauliwa. Malaika hana cha kupoteza.

Na ujue kwamba wezi wa kike wa kweli walikuwepo, tena sio mmoja. Kulikuwa na kundi la wanawake la maeneo ya Elephant and Castle, kusini ya mto Thames, walijulikana kama Forty Elephants, walikuwa wanavamia maduka makubwa ya West End wamevaa nguo zilizoshonwa mifuko ya siri ndani, wanatoka wamenenepa. Alice Diamond, kiongozi wao wa miaka ya 20, alifungwa 1926, na kilichomfunga ni fujo za kuvamia nyumba ya watu Lambeth, wala sio wizi wa makoti ya manyoya dukani. Hiyo mimi naiona ni zawadi kwa mtunzi: mwizi anayekamatwa kwa hasira zake, sio kwa wizi wake. Ila usimchanganye huyu na dada wetu. Hao walifanya kazi kwa wingi na kwa kasi, dada wetu anafanya kazi peke yake, anasubiri miezi.

Hatua ya tatu: chagua mali, na mali yenyewe iwe na tabia

"Vito vya thamani" sio kitu. Almasi, zumaridi, lulu, kila kimoja kina tabia yake na tabia ndo inatoa mchezo.

Almasi inakatwa upya. Ikishakatwa upya haijulikani tena, ni rafiki wa mwizi. Lulu haikatwi. Mkufu wa lulu uliopangwa vizuri, zinazolingana rangi na kung'aa, kutoka ndogo kwenda kubwa katikati halafu ndogo tena, unachukua miaka mingi kuukusanya na wafanyabiashara wakubwa wanaukumbuka kama sura ya mtu. Ukiufumua ukauza moja moja unapoteza thamani kubwa, ukiuacha mzima unakamatwa. Kwa hiyo lulu ni tatizo zuri, na hadithi inataka tatizo zuri.

Thamani yake usiipime kwa macho ya leo. 1917 kampuni ya vito ya Cartier ilipata jumba lake la Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na mkufu wa lulu wa nyuzi mbili. Jumba kwa mkufu! Lulu za asili nyingi zilitoka Ghuba, Bahrain na pwani zile, watu wanazamia kwa pumzi zao wenyewe na pua wameibana, ndugu zetu walioko huko Ghuba wanazijua hizo habari za wazee wa kule. Halafu 1921 zikafika London lulu za kufugwa kutoka Japani, chaza anapandikizwa kiini halafu anaitengeneza mwenyewe, kwa macho huwezi kutofautisha, na wafanyabiashara wa lulu wakashikwa na homa. Ndo maana 1924 ni mwaka mtamu: tajiri ana mkufu, ana kiburi, na kwa mara ya kwanza ana wasiwasi.

Jaribio la zamani la lulu ni meno. Unaisugua taratibu kwenye jino la mbele. Ya kweli inakwaruza kama mchanga laini, ya kioo inateleza. Shika hilo jaribio, tunalihitaji hivi karibuni.

Hatua ya nne: tunga mlango wa kutokea

Hapa kaa siku nyingi kuliko hatua nyingine zote.

Kwanza kisa cha kweli cha kukutia moyo. 1913 mfanyabiashara wa Hatton Garden, mtaa wa wauza vito wa London, Max Mayer, alikuwa na mkufu wa lulu uliokuwa gumzo kwenye biashara hiyo, ulipelekwa Paris, ukarudishwa London kwa barua ya rejista. Kifurushi kikafika, mihuri ya nta iko mahali pake, kikafunguliwa, ndani mna vipande vya sukari. Genge lilikuwa limechonga muhuri wa kughushi. Mlango wa kutokea wa hapo ulikuwa posta yenyewe, taasisi ambayo hakuna Mwingereza aliyeitilia shaka. Na uone kilichofuata, walishindwa kuuza, kila mnunuzi duniani aliujua ule mkufu, wakanaswa na watu waliojifanya wanunuzi, na lulu zenyewe zikaja kuokotwa barabarani kaskazini ya London ndani ya kiberiti, aliyeokota fundi wa piano anaenda zake kazini. Ukitunga mwenyewe mwisho huo msomaji atakuambia umezidisha.

Sasa tutunge ya kwetu. Kanuni ninayoitumia: watu wanamkagua anayetoka, hawamkagui anayeingia. Na ya pili: mali itolewe nje na mikono ya mwenye mali.

Weka nyumba Mayfair, mtaa wa matajiri wa London. Mwenye nyumba ni mama mmoja mjane wa tajiri wa buti mbovu, bahili, anashuku kila mtu. Ana mkufu wa lulu 61. Lulu zinavaliwa, uzi wa hariri unalegea, inabidi zitungwe upya kila baada ya muda, na kazi hiyo ilifanywa na mafundi wa kike wenye vidole vyepesi. Mama haruhusu mkufu utoke nje ya nyumba, kwa hiyo fundi anakuja yeye. Fundi ndo dada wetu, mwite Nell. Ana mkoba mdogo, sindano, uzi, mkasi, nta ya nyuki.

Butler, yaani mkuu wa watumishi wa nyumba, anasimama kando kumwangalia. Lulu zinahesabiwa mbele ya wote: 61. Nell anaomba kitambaa kizito cheupe cha meza, maana lulu zikiwekwa kwenye meza tupu zinabingirika. Mfanyakazi wa ndani analeta kitambaa cha hapo hapo nyumbani, kizuri, kina pindo pana. Anakaa dirishani, anakata uzi wa zamani, anafanya kazi saa nzima, na wakati anapima uzi kwa mkasi ameshafumua pindo la kitambaa upana wa kidole, upande wa kwake. Chai inaletwa. Hainywi. Inapoa.

Chai inamwagika. Kila mtu mle ndani anaangalia kitambaa, lulu, zulia, butler anageuka kuita mtu, sekunde nne au tano, na kwenye hizo sekunde nyuzi mbili zinabadilishana: mkufu mwingine uliokuja umefungwa kiunoni kwake unakaa mezani, na wa kweli, ambao tayari uko kwenye uzi mmoja, unateleza ndani ya pindo kama kamba ya suruali. Anaomba radhi karibu alie. Lulu zinafutwa, zinahesabiwa: 61.

Mama anashuka. Anachukua mkufu, anafanya alichofanya maisha yake yote, anasugua lulu kwenye jino. Inakwaruza! Ni ya kweli. Kwa sababu huyu mama hajawahi kujaribu zile kubwa za katikati, anaogopa kuzichubua, siku zote anashika karibu na kufuli la mkufu, na Nell alilijua hilo kwa hiyo kwenye ule mkufu wa kioo ametia lulu tatu za kweli kila upande wa kufuli. Ndogo, za bei rahisi. Sita tu, hizo ndo gharama ya kazi.

Nell anakaguliwa na msimamizi wa nyumba, mwanamke mwenzake, chumba cha pembeni, mpaka nywele. Hana kitu. Anaondoka na ujira wake, tena umekatwa kidogo kwa ajili ya chai.

Na kitambaa? Kina doa la chai. Jumatatu asubuhi kinaandikwa kwenye daftari la nguo chafu kwa mwandiko wa msimamizi, kinaingia kwenye kapu, butler mwenyewe anafungua mlango wa nyuma, gari la dobi linaondoka nacho. Huko kwa dobi kuna mwanamke wa kupiga pasi aliyeajiriwa wiki iliyopita, sura yake unaijua.

Angalia nilivyokijenga. Nilianza na kapu la dobi. Nikajiuliza kitu gani kinatoka kwenye nyumba ya tajiri kila wiki bila kukaguliwa, nikapata nguo chafu, nikauliza lulu zitaingiaje kwenye nguo chafu, nikapata pindo, nikauliza kitambaa kitachafukaje, nikapata chai. Chai iko mwanzo kwa msomaji, kwangu ilikuja mwisho. We kwako inaweza kuwa majivu ya jiko, maua yaliyokauka, sanduku la mgeni mwingine anayerudi kwao, kabati la piano linaloenda kwa fundi. Andika orodha ya kila kitu kinachotoka kwenye nyumba hiyo kwa wiki moja kabla hujaandika sentensi ya kwanza.

Hatua ya tano: vazi lake liwe kazi

Watunzi wapya wanapenda ndevu za bandia na wigi. Achana nazo. 1921 wanawake zaidi ya milioni moja walikuwa watumishi wa majumbani, na bwana mkubwa anayepishana na mtumishi kwenye ngazi hamwoni, kweli kabisa hamwoni, muulize kesho huyo dada alikuwa na macho ya rangi gani atakuambia alikuwa na aproni. Nesi ni bora zaidi, nesi akisema chumba hiki kina homa ya kuambukiza msiingie, wanaume wazima wanarudi nyuma. Vazi la mwizi wako liwe kazi inayompa ruhusa ya kushika vitu na kuamuru watu wasogee.

Na aijue hiyo kazi. Akijifanya fundi wa lulu msomaji amwone anapaka nta kwenye uzi, anafunga kifundo kati ya lulu na lulu ili zisisuguane na uzi ukikatika idondoke moja tu. Kifundo hicho kimoja kinamfanya msomaji aamini mengine yote utakayomdanganya. Ila jiangalie hapo hapo, vifundo 60 sio kazi ya sekunde tano, ndo maana mkufu wa bandia ameuleta umeshafungwa vifundo kutoka nyumbani, na ule wa kweli kwa saa nzima aliutunga bila vifundo vya kweli, akicheza na vidole tu mbele ya butler ambaye hajui tofauti. Ukiacha tundu kama hilo kuna msomaji mmoja atakukamata, na atakukamata mbele za watu.

Hatua ya sita: polisi asiwe mjinga

Polisi mjinga anamshusha mwizi. Akimshinda bwege ameshinda nini?

Mpe silaha za kweli za 1924. Idara ya alama za vidole Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, ilifunguliwa 1901, na mwaka uliofuata wakamfunga mtu aliyevunja nyumba akaiba mipira ya biliadi, alikuwa ameacha kidole chake kwenye rangi mbichi ya dirisha. Kwa hiyo Nell kuacha kikombe alichoshika ni hatari, umeme. 1919 ikaanzishwa ile timu ya wapelelezi wa kuzunguka jiji zima, Flying Squad, mwanzoni walijificha kwenye gari la farasi lenye turubai lililotobolewa matundu ya kuchungulia, baadaye kidogo wakapata magari. Wanawake polisi London walianza 1919 pia, na wachache sana. Mpelelezi mwanamke anayeingia jikoni kuongea na wafanyakazi wa ndani wakati mabosi wake wanahoji mabwana sebuleni, huyo ndo hatari kwa Nell, kwa sababu yeye anawaona watumishi.

Kitu kingine wengi wanakosea: Scotland Yard ni ya London. Nje ya London enzi hizo kila mkoa ulikuwa na polisi wake na mkuu wake, na mkuu asipoomba msaada Yard hawakuja. Wizi ukitokea kwenye jumba la shamba, siku mbili tatu zinaweza kuliwa na kiburi cha mkuu wa polisi wa mkoa. Tumia hizo siku.

Kwa tabia ya mpelelezi, mimi nasema jifunze kwa wa kwetu, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule wa Mzimu wa Watu wa Kale, mzee hakimbizani na mtu, kiko mdomoni, anauliza swali dogo la kijinga halafu ananyamaza. Mpelelezi wako aulize: chai, dada alikunywa?

Hatua ya saba: mwibie msomaji kwa haki

Kila kitu anachohitaji msomaji kujua lazima kiwe kimepita mbele ya macho yake kabla hujafichua. Kwenye mfano wetu viko vinne: mama anasugua lulu za karibu na kufuli tu, kikombe hakikunywewa, kitambaa kilikuwa cha nyumbani, leo ni Jumamosi na dobi ni Jumatatu. Vyote utavitaja, ila kila kimoja ukitaje wakati msomaji anaangalia kitu kingine. Lile la kufuli liweke kwenye sura ya kwanza kama kichekesho, mama anajisifu mbele ya wageni wa chakula cha jioni, anasugua lulu kwenye jino, mgeni mmoja anaona aibu. Msomaji anacheka ubahili. Kumbe umempa ufunguo.

Kikombe kiweke kwenye malalamiko ya mpishi, chai nzuri imepotea bure. Kitambaa kiweke kwenye ugomvi wa msimamizi na yule mfanyakazi: kwa nini ulileta kile kizuri?

Kitu usichoruhusiwa: pacha, dawa ya usingizi isiyotajwa, mlango wa siri, butler kumbe alikuwa naye. Butler akiwa naye hadithi nzima inakuwa ya butler.

Hatua ya nane: kuuza

Usikatishe hapa, maana nusu ya utamu iko huku. Mnunuzi wa mali za wizi atampa sehemu ndogo sana ya thamani, na kwa lulu zinazojulikana anaweza asimpe chochote. Njia ya pili ni kumuuzia aliyeibiwa, au kampuni ya bima. Hapo sheria inaingia tena: kwa sheria ya wizi ya 1861 ilikuwa kosa Uingereza kutangaza gazetini kwamba atakayerudisha mali iliyoibiwa atapewa zawadi na hataulizwa maswali. Kwa hiyo matangazo yanaandikwa kwa mafumbo kwenye safu ya watu binafsi ya The Times, ambayo enzi hizo ilikuwa ukurasa wa mbele kabisa. Andika matangazo matatu mafupi yanayojibizana kati ya Nell na bima, maneno kumi kumi, msomaji ayasome kama mpelelezi anavyoyasoma asubuhi na chai yake.

Malipo alipwe kwa nini sasa? Noti nyeupe zina namba. Dhahabu tangu vita haipo mikononi mwa watu. Noti ndogo ndogo za pauni moja, pauni elfu kumi ni noti elfu kumi, zinajaza begi na mtu anayebeba begi anaonekana. Hilo begi nalo linataka mlango wake wa kutokea, kwa hiyo rudi hatua ya nne ufanye kazi upya, ila safari hii polisi wanajua linakotoka.

Hatua ya tisa: kata vipande, na uangalie watu wanavyoongea

Thrila hizi nyingi zilitoka magazetini kwa vipande kabla ya kuwa vitabu, ndo maana zinafaa sana kutumwa kipande kipande watu wakasome kwenye simu. Episodi moja maneno 1200 hivi, ikatike kwenye swali, sio kwenye mlio wa risasi. "Kikombe kilikuwa kimejaa" ni mkato mzuri kuliko "ghafla mlango ukafunguliwa". Wizi uwe umeisha episodi ya pili. Wa pili kabla ya nusu. Nell na mpelelezi wakutane uso kwa uso mapema, mmoja hajui, wakae meza moja ya chai au behewa moja la treni, yale ya zamani yasiyo na korido ambayo treni ikishaondoka hakuna wa kuingia wala kutoka mpaka kituo kinachofuata.

Maongezi yawe na vyeo. Mtumishi wa Mayfair hamwambii mama mwenye nyumba "we mama vipi", anasema "Bibi ameniita?" na anasubiri. Watumishi wenyewe kwa wenyewe jikoni hapo ndo waachie wapige umbea kwa Kiswahili cha mtaani kabisa, tofauti ya lugha ya juu na ya chini ya ngazi inafanya kazi ya kurasa tano za maelezo. Butler kwa wenzake ni mkali kuliko bosi. Nell abadilishe lugha akipanda ngazi, na mara moja tu, mara moja, ajisahau, mpelelezi wa kike awe karibu.

Kabla hujaanza kutuma, chukua karatasi uandike saa za siku ya wizi, mstari kwa mstari, kila mtu yuko wapi: mama, butler, msimamizi, mfanyakazi wa kitambaa, Nell, kitambaa, mkufu wa kweli, mkufu wa kioo. Ndio, vitu navyo vipe safu yao. Ukikuta saa ambayo hujui kitambaa kiko wapi, usitume, maana kati ya Jumamosi jioni na Jumatatu asubuhi kilikaa usiku mbili kwenye kapu chini ya ngazi, na kama we hujui nani alipita pale, Nell naye atakuwa hajalala.